Nilivyoutafutia Dawa Msahafu wa Babu

Siku ya kwanza Msimamizi wa Ghala la vitabu alinipa toroli na glavu za pamba, akanionyesha lifti, basi. Mafunzo yangu yakaishia hapo. Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni, na maktaba yenyewe, pale Washington, ilikuwa ya wanaojifunza kuhifadhi vitu vya kale: vitambaa, vinyago, karatasi. Mimi ni wa chuo cha Kurani na darasa la nne, lakini mtafiti akiomba kitabu kilimfikia hajavua koti. Nyinyi mnaobofya tu, mjue mashine ilikuwa miguu yetu.

Kutafuta kulikuwa na utaratibu. Unaanza na kompyuta. Ukikosa, unafungua vitabu vya muhtasari, vinavyokwambia nani kaandika nini juu ya kitu gani. Ukikosa tena, unaagiza nakala kwa maktaba nyingine. Nilijifunza kwa kutazama, nikisukuma toroli.

Nyumbani Riverdale Park, kwa kaka yangu Shee, tulikuwa na msahafu alioandika babu kwa mkono wake huko Pate. Wino wake ulikuwa unakula karatasi. Kila khitma vipande vyenye herufi vilidondoka mkekani. Nikamwendea Mkutubi Mkuu, mama wa sauti ya chini.

"Naomba kusoma habari za wino unaokula karatasi."

"Unamtafutia mtafiti gani?"

"Mwenyewe."

"Unatoka chuo gani?"

"Natoka ghalani."

Hakucheka. "Wa ghalani wanabeba. Hawasomi."

Na kweli, mwenzangu aliyekutwa anasoma kati ya rafu alifukuzwa. Nikarudi kusukuma toroli, nikangoja siku mama yule atakapoondoka.

Kaka hakungoja kwa raha. "Twakanyaga maneno ya Mungu humu ndani, weye wangoja kitabu cha Mzungu?"

"Nipe muda, kaka."

"Muda wamwomba nani, mimi au huo msahafu?"

Baridi ikapita. Mama yule akahamishwa, akaja Mkutubi mwingine. Nilipomwomba kitabu cha wino unaokula karatasi, alishangaa: "Chukua, si kimekaa tu?" Nikakisoma wakati wa chakula, neno kwa neno, Kiingereza changu cha kuokoteza. Dawa haikuwepo. Msahafu kama ule ulitakiwa usifunguliwe, uwekwe kwenye sanduku la karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu. Kuliko vyote, uepushwe na unyevu. Nikaomba sanduku moja chumba cha ukarabati, nikapanda nalo basi, nimelikumbatia.

Nilimkuta kaka uani ananawa udongo.

"Nimeuzika," alisema. "Nimeuvika sanda nyeupe, kwenye kona pasipopitwa na mtu."

"Bila kuniambia?"

"Nilikwambia baridi nzima."

Msahafu uliochakaa huzikwa, hiyo ni sheria yetu, nami naijua. Kaka simlaumu. Nimestaafu sasa, na nasikia siku hizi hata mfagiaji anaruhusiwa kuketi asome. Heri yao. Yule mama wa maktabani sijamsamehe wala sitaki kuambiwa uzee umenitia kinyongo. Jibu lilikuwa kwenye rafu niliyoipitia kila asubuhi.

Mvua ikinyesha natazama kona ile ya ua. Kitabu kilieleza vizuri sana maji huifanya nini karatasi.