Neno la Nyumbani Nililolipeleka Kibandani

Nakumbuka mchana mmoja mjini Embu, nikiwa na miaka ishirini na tisa, nilipowachekesha wanaume sita mpaka chai ikawatoka puani. Sijawahi kuwachekesha watu namna ile tena. Na kama Mungu angeniruhusu kufuta mchana mmoja katika maisha yangu, mwanangu Mutuma, ningeufuta huo.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mkwe wangu, mume wa Kendi, binti yangu wa pekee. Kwetu Meru, mkwe na baba mkwe huwekeana heshima. Huzungumzia mvua, ng'ombe na kahawa, basi. Mambo ya uzazi hayatajwi kati yao. Leo naivunja desturi hiyo, na naona haya hata kukutazama. Lakini Jumapili iliyopita, tulipokuwa mezani hapa nyumbani Nkubu, ulitoa simu ukatuchezea ile sauti ya upole ambayo Kendi huisikiliza akijiandaa kujifungua. Ukafumba macho, ukapumua kwa mbwembwe, ukalegeza shingo kama mtu aliyepewa dawa ya usingizi. Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, Mungu anisamehe. Kendi alikuwa anaangalia sahani yake. Mama mkwe wako akainuka akasema anaenda kuleta chai, na chai ilikuwa mezani tayari.

Ndiyo maana nimekuita. Kaa karibu, unisikie bila mimi kupaza sauti.

Nyinyi mna jina la Kizungu la mafunzo hayo ya kuzaa kwa utulivu, na mnadhani yalikuja juzi pamoja na simu. Mimi niliyaona kabla mkeo hajazaliwa. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Embu, na Karimi, mama mkwe wako, alikuwa mwalimu wa chekechea. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya soko. Mtaani kwetu kulikuwa na mkunga mmoja, Sista Joyce, aliyesomea uuguzi ng'ambo akarudi kufungua nyumba ndogo ya uzazi. Kila Jumamosi aliwakusanya wanawake wajawazito, akawafundisha kuzaa bila hofu.

Hakuwaambia kwamba hawatasikia kitu. Sista hakuwa mtu wa kudanganya. Aliwaambia kwamba mwanamke akiogopa mwili hukaza, na mwili ukikaza kazi inakuwa ngumu maradufu. Kwa hivyo aliwafundisha kupumua: vuta hewa taratibu, kisha itoe polepole zaidi, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Aliwafundisha kulegeza taya, mabega na vidole, mpaka mtu anatulia kama aliye karibu kusinzia, lakini akili iko macho. Na neno "uchungu" aliwakataza. Kila mmoja achague neno lake mwenyewe la kuita yale maumivu yanayokuja na kuondoka.

Karimi ni mtoto wa milimani. Alichagua "kilima." Aliandika mistari saba kwenye karatasi ya daftari la shule, akaniletea. "Hii ni kazi yako," akaniambia. "Sista anasema mume anaruhusiwa kuingia. Utakuwa unanisomea, mkono wako ukiwa hapa begani. Nikizoea sauti yako sasa, siku hiyo nitaifuata."

Maneno yalikuwa hivi, na mengine wakati ule sikuyashika, kwa makosa yangu: Kilima kinakuja. Panda polepole. Hakuna kilima kisicho na upande wa kuteremka.

Nilisoma jioni tatu, labda nne. Nilisoma kama karani anayesoma barua ya mtu mwingine, mkono begani kwake na macho yangu kwenye gazeti. Niliona ni mambo ya kike. Baba yangu alizaa watoto wanane bila kusomea mtu karatasi, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini hata uvivu huo si kosa ninalokusimulia.

Karibu na ofisi kulikuwa na kibanda tulipokula githeri saa saba. Siku hiyo rafiki yangu Njeru alilalamika kwamba mkewe mjamzito halali, anaogopa. Mtu mwenye busara angemwambia, "Mpeleke kwa Sista Joyce." Mimi nikaona nafasi ya kuwafurahisha watu. Nikafumba macho. Nikaiga sauti ya mke wangu. "Kilimaaa kinakujaaa," nikasema, huku nikihema na kuzungusha kichwa. Wakacheka wakapiga meza. Nikarudia. Waliponiomba mara ya tatu, nikaongeza chumvi: nikasema Sista anawalaza wanawake kwa maneno, wanazimia, hawajui waliko. Huo ulikuwa uongo mtupu, lakini ulichekesha.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Njeru alimsimulia mkewe. Mkewe akawasimulia wenzake. Kufika Alhamisi ya pili, katika ushirika wa akina mama kanisani kwetu, mzaha wangu ulikuwa umevaa nguo nyingine: Karimi anatiwa usingizi na mganga, na mtoto aliye tumboni ameshawekewa maneno yasiyo ya sala.

Walimsimamisha, mwanangu. Mimba ya miezi saba, miguu imevimba, wakamsimamisha mbele ya wanawake arobaini aeleze. Aliwaeleza kwa utulivu. Aliwaambia ni kupumua tu, na kwamba kila anapopumua humwomba Mungu. Mwenyekiti wao alikuwa mama mwema, na nadhani aliridhika. Lakini nyuma kabisa sauti moja ya msichana ikasema, "Kilimaaa kinakujaaa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nilimkuta nyumbani jioni ile ameketi kitandani, kitambaa cha kichwa hajakitoa. Hakuwa analia. Natamani angalikuwa analia.

"Lile neno la kilima," akaniuliza, "ulimwambia nani?"

"Neno gani?"

"Sista hanijui kwa neno hilo. Kila mtu ana lake na halisemi. Nililisema kwa mtu mmoja tu duniani."

Nikamwambia ulikuwa mzaha tu, wanaume wanaongea, yeye asichukulie kila kitu kwa uzito. Nikaendelea kusema na kusema. Mtu mwenye hatia ana maneno mengi kuliko wakili. Aliniacha nikamaliza yote, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe karatasi yangu."

Nikaitafuta. Sikujua nilikoiweka. Tuliipata chini ya gazeti, ina duara la kikombe cha chai. Akaifuta kwa pindo la leso, akaikunja, akaondoka nayo.

Hakununa. Alinipikia, alinifulia, aliniuliza habari za kazi. Lakini sikuombwa tena kuweka mkono begani. Jirani yetu, Mama Wanja, alikuwa akiuza sukuma wiki na nyanya mlangoni kwake. Alisoma mpaka darasa la pili tu. Nikitoka kazini niliwakuta wawili wale mkekani, Karimi amefumba macho, Mama Wanja akitamka maneno aliyoyakariri, maana kusoma kulimshinda. Nilipoingia walinyamaza. Basi nikawa nakaa nje mpaka wamalize. Ile mistari saba niliyoshindwa nayo, yule mama aliishika yote kwa wiki mbili.

Siku ilipofika ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilibeba mkoba. Nilitembea mbele ya Karimi na Mama Wanja kama mtu mwenye cheo. Tulipofika kwa Sista Joyce, akauliza, "Nani anaingia naye?" Nikapiga hatua. Karimi akashika ukuta, akasubiri kilima kipite, halafu akasema bila hasira yoyote, "Mama Wanja."

Sista alinitazama mara moja tu. Sikuweza kumtazama. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilisikia yote. Nilimsikia Mama Wanja na Kiswahili chake cha Kiembu, "panda" ikigeuka "banda": "Kirima kinakuja, mami. Banda borebore. Banda." Nilisikia pumzi ndefu ya mke wangu ikitoka, na Sista akisema, "Vizuri sana, hivyo hivyo." Mvua ilinyesha ikakatika. Saa ziliendelea. Halafu, mwendo wa saa tisa alasiri, sauti ya Karimi ilipanda. "Siwezi tena," alisema. "Siwezi."

Nilisimama. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Nilisema moyoni, nikiingia sasa, nikamwambia yale maneno, atanisikia, mimi ndiye mumewe. Nikafungua mdomo kuyajaribu polepole. Mwanangu, hayakuja kwa sauti yangu. Yalikuja kwa ile sauti ya kibandani. Kila nilipojaribu kusema "kilima kinakuja," nilijisikia nikihema na kuzungusha kichwa mbele ya Njeru na wenzake. Sikuwa na sauti nyingine. Nikaachilia kitasa, nikarudi kwenye benchi nikaziba masikio.

Mama Wanja ndiye aliyemteremsha kilima kile. Kabla ya saa kumi Kendi alilia. Kendi huyu, mke wako.

Nilipoingia, Karimi alikuwa amechoka lakini uso wake umetulia. Alinipa mtoto. Mama Wanja alikuwa ameketi kando, kanga imelowa jasho, anatabasamu kama yeye ndiye aliyezaa. Nikamwambia asante. Akasema, "Asante ni kwake Mungu, baba." Hakujua neno hilo "baba" lilinichoma kiasi gani.

Wiki iliyofuata baba yangu alitoka Nkubu kuja kumwona mjukuu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimshika mtoto, akambariki, akamrudisha kwa mamake, kisha akaniita nje.

"Mtoto akizaliwa ulikuwa wapi?"

"Nje, baba."

"Nasikia mkunga huyo huruhusu mume aingie. Ulikuwa nje kwa nini?"

Nilimweleza. Sikuficha kitu. Alisikiliza huku akichora ardhini kwa fimbo yake.

"Ng'ombe wetu akikaribia kuzaa," akasema, "nilikufundisha nini?"

"Kufukuza mbwa. Watoto wasipige kelele. Kukaa karibu na kumwita kwa jina lake, polepole."

"Kwa nini?"

"Akiogopa anakaza. Ndama anachelewa."

Akanitazama sasa. "Kwa hivyo ulikuwa unajua," akasema. "Kwa ng'ombe ulikuwa unajua."

Alichukua kofia yake akaenda stendi. Nimekemewa na wakubwa wa kazi na wazee wa kanisa, lakini hakuna kemeo lililonivua nguo kama hilo.

Nilienda kwa Njeru na wale wengine nikawaambia nilidanganya, na kwamba mke wangu ni mtu wa heshima. Walicheka kidogo, wakabadilisha mazungumzo. Nilienda kwa mwenyekiti wa akina mama nikasema hivyo hivyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilipomwomba Karimi msamaha, alinisamehe, na ninaamini alinisamehe kweli, maana tumeishi vizuri. Nikamwambia, "Mtoto wa pili nitaingia. Nitajifunza." Akasema, "Jifunze kwanza." Nikajifunza. Nilienda Jumamosi kwa Sista, mwanamume peke yangu kati ya wanawake kumi, nikapuliza uji usiokuwepo.

Mtoto wa pili hakuja. Tulingoja miaka mingi. Mungu alitupa Kendi, akaona inatosha. Kwa hivyo maneno yale niliyajua hatimaye, yote, na sikupata pa kuyasemea. Jumapili ulipoicheza ile simu, Karimi alienda jikoni. Nilimfuata baadaye. Alikuwa ameshika birika tupu.

Sasa nisikilize. Mke akikuletea karatasi, au simu, au neno moja tu la kumsaidia siku ile, amekuletea hofu yake uishike. Siri ya mtungi aijuaye ni kata; usiimwage njiani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwa sababu kidole hupona. Kaa naye kila jioni, hata kama unajiona mjinga. Nani hakuwa mjinga mara ya kwanza? Jifunze kupumua naye, ujue ni wapi anapenda mkono uwekwe, mpaka sauti yako impe usingizi. Kliniki asikose hata siku moja, na hospitali muende mapema. Utulivu haumfukuzi daktari. Na wakisema ni lazima apasuliwe, usimruhusu mtu, hata mimi, aseme kwamba alishindwa kutulia. Hata kule kwenye upasuaji anaweza kupumua, na wewe unaweza kuwa pembeni yake, ukimwita kwa jina lake.

Na leo, kabla jua halijazama, mwombe msamaha. Usimwambie ulikuwa mzaha. Hilo nimeshalijaribu mimi. Sema "nimekosa," kisha unyamaze.

Inama nikubariki. Mungu aliyemjenga Kendi tumboni mwa mama yake amlinde yeye na aliye ndani yake. Akupe ulimi mpole na mikono isiyotetemeka. Kendi atakapoulizwa nani anaingia naye, alitaje jina lako. Na mlango ule ukifungwa, mwanangu, uwe upande wa ndani.