Skrini ya Waruguru na Harusi ya Daktari

Pale Katangi, ukitaka kuoa, kuzika au kuitisha harambee ya karo, lazima upitie kwa Waruguru. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa bluu, katikati ya cherehani ya Kamene na duka la dawa za mifugo. Ndani mna kompyuta, printa, kiti cha mteja, na thermos ya chai ambayo haijawahi kuonekana tupu. Wazazi wake walikuja huku Yatta zamani kuuza viazi, wakasema watakaa msimu mmoja, wakakaa hadi leo. Waruguru alizaliwa hapo hapo sokoni. Kikamba anakiongea mpaka wageni wanamuuliza yeye ni wa ukoo gani, na Kikuyu chake kimebaki cha mambo mawili tu: kuongea na mamake, na kugombana na printa.

Na kweli aligombana nayo. Kwenye skrini alitengeneza kadi nzuri, rangi zimekaa mahali pake, maua yametulia kwenye pembe. Akibonyeza ichapwe, kinatoka kitu kingine. Maruni inatoka zambarau. Manjano ya asali inatoka kama ndimu mbichi. Alibadilisha wino, akasafisha, akaitikisa, akaiombea. Mwishowe alizoea tu, na wateja nao hawakulalamika. Kadi zake zilijulikana kutoka mbali. Ukiona kadi ya zambarau imesimamishwa kwenye kabati la mtu, hata uwe umefika kule Ndithini, unajua hiyo ni kazi ya Waruguru.

Skrini yenyewe alipewa na kaka yake Gathogo, karani wa kiwanda kule Mavoko, ofisi yao ilipoleta mpya. Ilimtumikia vizuri miaka mingi. Halafu ikaanza uzee. Asubuhi ilichelewa kuamka, na Waruguru akapanga chai yake hapo, anakunywa kikombe huku akingoja picha itoke. Baadaye pembe moja ikaingia giza. Baadaye tena ikawa inazimika yenyewe, na dawa yake ilikuwa kofi moja la mgongoni, si kali sana.

"Tupa hiyo kitu," Gathogo alimwambia kila akipiga simu. "Hata sisi tuliitupa. Ni vile tu tuliitupa kwako."

"Bado inafanya kazi."

"Inafanya kazi ama unaichapa?"

Waruguru akamuuliza habari za watoto.

Basi Jumanne moja, jua likiwa bado kali, akaingia Bartholomew. Hapo Katangi hakuna anayemwita Bartholomew. Anaitwa Daktari, maana ndiye aliyechanja na kutibu mifugo ya eneo lile mpaka akastaafu, na hata baada ya kustaafu simu yake haikupumzika. Alikuwa mjane wa siku nyingi. Kisha akaitwa kwa Syokau, mjane pia, muuza ndengu mwenye kicheko kinachosikika kutoka upande mmoja wa soko hadi mwingine, kumtibu mbuzi aliyevimba tumbo. Mbuzi alipona siku ile ile, lakini Daktari aliendelea kuja kumwangalia. Ikafika mahali Syokau akamuuliza mbele ya watu kama anataka kumwoa mbuzi au mwenye mbuzi. Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo.

"Wĩ mũseo, Waruguru?" akamsalimu kwa Kikamba.

"Nĩ mũseo, Daktari. Kaa hapo, chai iko. Programu yako iko karibu kuisha, tunabaki na mpangilio wa nyimbo tu."

Alikaa, akavaa miwani, wakaanza kuipitia pamoja. Wamefika pale maharusi wanapoingia kanisani, skrini ikatoa mlio mdogo na kuwa nyeusi. Waruguru akaipiga kofi. Ikabaki nyeusi. Akaipiga la pili, halafu akapiga la tatu lililomshtua hata Daktari.

"Ukipiga hivyo hata mimi siwezi amka," akasema.

Waruguru alikaa chini. Kompyuta ilikuwa inanguruma kama kawaida, na kazi yote ya siku mbili ilikuwa humo ndani, haijahifadhiwa. Harusi nzima ya mtu iko hapo, na kwenye kioo halionekani hata jina la msimamizi mmoja.

Daktari alitoa tochi mfukoni, ile anayowaangalizia ng'ombe macho, akainama na kuimulika skrini kwa upande, hivi hivi tu, kama mtu anayetafuta jeraha. Mara akaita, "Njoo uone! Hii haijakufa!"

Waruguru akaweka shavu karibu na kioo. Kweli. Pale mwangaza wa tochi ulipogonga, herufi zilionekana, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. *Bwana harusi: Bartholomew.* Picha ilikuwapo. Kilichokufa ni taa za nyuma yake.

"Usiondoe hapo," akasema. "Songesha kidogo kulia. Hapo. Hapo hapo!"

Wakaimaliza hivyo. Daktari alimulika mstari baada ya mstari na kuusoma kwa sauti, Waruguru akachapa. Kamene alisikia vicheko akaja na futi yake shingoni, akamkuta bwana harusi amepiga magoti mbele ya kompyuta. "Ai! Kwani Syokau anajua?" akauliza, na hapo kazi ikasimama mpaka watu wapumue. Waliweka kila kitu kwenye flashi, na Daktari akasema kesho asubuhi anaenda Machakos kujaribu suti, na kwenye pikapu yake kuna nafasi ya mtu na skrini.

Asubuhi ilipofika, Waruguru alikuwa ameamua. Atanunua mpya. Skrini ya zamani aliifunga kwa leso akaibeba tu, maana alisikia vibaya kuiacha peke yake.

Duka waliloingia mjini lilikuwa na skrini zimepangwa ukutani, pana kama meza, zote zikionyesha maporomoko ya maji na ndege wa rangi. Kijana wa duka, Lenny, aliwapokea kama watu aliokuwa akiwangoja tangu juzi.

"Karibu, mama. Hii ukichukua, hutaki kuangalia ingine maisha yako yote."

Waruguru aliikubali moyoni hapo hapo. Lakini yeye si mtu wa kununua kiatu bila kukivaa. Akatoa flashi. "Nifungulie kazi yangu kwanza niione."

Lenny akafungua programu ya harusi. Waruguru akarudi nyuma hatua moja.

"Hii yenu imeharibika rangi," akasema.

"Mama, hii ni mpya kabisa."

"Mpya na imeharibika. Mimi niliweka maruni. Hii ni nini? Ni zambarau!"

Lenny akafungua kwenye skrini ya pili. Zambarau. Ya tatu, zambarau. Daktari aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kadi ya mwaliko wa harusi yake mwenyewe, ile Waruguru aliyoichapa mwezi uliopita, akaiinua kando ya kioo. Kadi na skrini zilifanana kama mapacha.

Waruguru aliangalia kadi, akaangalia ukuta wa skrini, akaangalia kadi tena. Pole pole jambo lilimwingia. Taa za skrini yake zilikuwa zimezeeka kidogo kidogo, zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, na yeye hakuona kwa sababu aliitazama kila siku. Kila alipoweka rangi alikuwa akiirekebisha ili ipendeze chini ya mwanga ule wa chai, na zambarau kwake ikawa maruni. Printa ilichapa alichoiambia. Miaka yote hiyo.

"Printa haikuwa na makosa," akasema kwa sauti ndogo.

"Printa gani?" Lenny akauliza.

Daktari alianza kucheka kwanza, kicheko cha mabegani. Waruguru alijaribu kukasirika, akashindwa, akashika kaunta. Alikumbuka maneno yote aliyoiambia printa ile, mengine hayasemeki mbele ya mchungaji, na machozi yakamtoka kwa kucheka. Lenny naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Walipotulia, Lenny aliuliza kompyuta yake ni ya aina gani, akachungulia plagi ya ile ya zamani ndani ya leso, akakuna kichwa. "Hizi mpya hazitaingia kwa hiyo yako, mama. Itabidi ubadilishe na kompyuta."

"Mimi nilikuja kutafuta skrini. Sasa nirudi na ofisi nzima?"

Wakatoka nje kufikiri. Daktari alikuwa upande wa kununua. "Mimi nimeona mambo mengi," akasema. "Mnyama akifika hapo, namwambia mwenyewe amuuze atafute mwingine. Usipoteze dawa."

"Na wewe unayeoa na mvi zote hizo? Syokau angekusikiza ungekuwa wapi?"

Daktari alipapasa mvi zake. "Haya," akasema. "Twende kwa fundi."

Fundi aliitwa Onesmus, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi, kimejaa redio na televisheni zilizofunguliwa matumbo. Alifungua skrini mbele yao bila haraka. Akawaonyesha taa za ndani, vijiti vyembamba vilivyoungua ncha zikawa nyeusi, na vikopo vidogo vya umeme vilivyovimba juu kama mandazi.

"Kioo chako ni kizima kabisa," akasema. "Hizi taa siwezi pata zingine kama hizi, lakini nakuwekea zile za kisasa za ukanda. Itakuwa nyeupe. Lakini nisikudanganye, siwezi kukuapia itakaa muda gani."

"Ingekuwa yako ungefanya nini?"

Onesmus alifikiri. "Unafanyia nini? Unaangalia sinema?"

"Naandika programu za mazishi na harusi."

"Ningetengeneza. Lakini ikifa tena, usiniletee. Nunua."

Waruguru alisimama akiiangalia ikiwa wazi pale mezani, na waya zake na vumbi lake. Nusu ya moyo ilikuwa bado na hasira nayo kwa kumdanganya. Nusu ingine ilijiuliza anahitaji nini hasa, akaona ni kitu kimoja tu: aone rangi ilivyo. "Tengeneza," akasema. "Na hayo mengine tumekubaliana. Mara moja tu."

Daktari alienda kwa suti yake. Aliporudi, Onesmus alikuwa anakaza skrubu ya mwisho. Akaichomeka kwenye kompyuta ya kibandani. Skrini ikawaka pale pale, bila kungoja chai, nyeupe mpaka Waruguru akaweka mkono machoni. Akafungua programu ya harusi kutoka kwenye flashi. Zambarau ilijaa kioo kizima, ya kina, na herufi za dhahabu juu yake. Aliitazama kwa muda. Hakuwahi kuiona kazi yake kama watu wanavyoiona.

"Nimekuwa mzuri hivi?" akauliza, na hakuna aliyecheka.

Lakini wasiwasi ulibaki. Syokau aliagiza maruni, tena kwa mdomo wake. Walipofika Katangi, Waruguru hakwenda dukani, alienda moja kwa moja sokoni, akamkuta bibi harusi akipepeta ndengu.

"Mwaitu, mama, nimekuja kukuambia kitu. Uliniambia maruni. Nikakupa zambarau nikalaumu printa, kumbe kosa ni la skrini yangu. Nimeona leo. Ukitaka naweza kubadilisha programu iwe vile ulisema."

Syokau aliweka ungo chini. "Maruni? Wewe, nyamaza kabisa! Nilipoona hiyo kadi nilishtuka, halafu nikasema, Waruguru ndiye anajua mambo ya fasheni, kumbe maruni imepitwa na wakati. Nikaenda kwa Kamene nikamwambia abadilishe nguo zote. Dada zangu, wajukuu, kwaya. Kila mtu anavaa zambarau!"

"Kamene alijua uliagiza maruni?"

"Kila mtu alijua. Tulidhani zambarau ndiyo unapenda." Na kile kicheko chake kikatoka, soko zima likageuka kuangalia.

Waruguru alichapa programu Ijumaa, kuanzia asubuhi, mlango wazi, mikono ikienda. Kila karatasi iliyotoka ilikuwa sawasawa na ilivyo kwenye kioo, na bado kila mara aliiinua aone kama ni kweli. Gathogo, aliyekwisha kusikia skrini imekufa, alipopiga simu kumuuliza amenunua ya ukubwa gani, alimwambia aje harusini atamwelezea, kwa simu hawezi.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka nje. Daktari alisimama mbele amenyooka kama askari, tai ya zambarau shingoni, na Syokau akaingia na wajukuu wake wakimwaga maua, akitembea kwa madaha mpaka mchungaji mwenyewe akapiga makofi. Waliapa. Watu wakatoka kwenda uwanjani kula. Na hapo, wakati wanawake wameanza wimbo na sufuria za pilau zinafunuliwa, mvua ikaanguka.

Yatta haikuwa imeona tone tangu mahindi yakauke. Hakuna aliyekimbia. Watu waliinua nyuso juu, wengine wakaweka programu vichwani wajifunike, na wino ukaanza kutiririka. Waruguru aliona kazi yake ya Ijumaa nzima ikishuka kwenye mikono ya watu, kwenye mashavu, kwenye vitambaa vyeupe vya meza, na kabla hajajua ahuzunike au afanye nini, Syokau alimshika mkono akamvuta katikati ya duara. Gathogo alikuwa tayari humo, shati la ofisi limelowa. Ngoma ikapanda. Waruguru akavua viatu akacheza, na kila watu walipopiga makofi, viganja vyote vilikuwa zambarau.