Mume Mchoyo wa Nyarugusu

Mwanamume pekee wa kikundi chetu cha maigizo alipohamishiwa Kibondo, nafasi yake nilipewa mimi: mume mchoyo anayemkataza mkewe mjamzito kwenda kliniki. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga niliyeletwa Kasulu na ajira, na sauti yangu ni nyembamba kama filimbi.

"Fumba macho," alinielekeza mwalimu aliyekuwa akituongoza. "Kumbuka siku uliyokasirika kuliko zote. Hiyo ndiyo hasira ya huyu mume."

Nikafumba. Nikakumbuka. Nikaanza kulia. Mwalimu akaniletea maji, akasema tujaribu tena kesho.

Mke wangu katika mchezo alikuwa msusi Mkongomani anayeishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Hakuwahi kusema maneno yale yale mara mbili. Mimi niliyakariri yote, mpaka ya kwake.

"Dada muganga," aliniambia akicheka, "uko unasoma, hauko unacheza. Huyu bwana anakulaka namna gani?"

Sikuwahi kumfikiria huyo mume akila.

Siku ya onyesho la kwanza uwanja wa kambi ulifurika watu. Kwenye mazoezi tulizoea sahani tupu. Siku hiyo mke wangu akaniwekea ugali wa muhogo unaofuka moshi na mgebuka mzima wa kukaanga. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni kwa woga. Nikanawa, nikaanza kula, na maneno yote niliyokariri yakapotea. Akanyoosha mkono aonje. Bila kufikiri nikaivuta sahani, nikamfukia samaki chini ya ugali, nikamtazama mke wangu kwa jicho la pembeni.

"Jamani, huyo ni mume wangu kabisa!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

Uwanja ukaangua kicheko, na hapo hapo yule mume akaniingia. Mabega yakapanda, sauti ikawa nzito.

"Kliniki? Na chakula changu apike nani?"

"Jipikie! Mikono si uko nayo?"

Akina mama wakampigia vigelegele. Tuligombana mpaka nikashindwa, akaondoka kwenda kliniki akisindikizwa na nusu ya watazamaji.

Mwalimu alinishika mkono kwa furaha. "Umeona? Hasira imekuja yenyewe!"

Sikumbishia, ingawa sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa na njaa.

"Kesho nitasema mengine," msusi akaninong'oneza.

"Sema tu," nikamwambia. "Nitakujibu."