Mundu Niliofua Mwenyewe

Katika utoto wangu, kwenye vilima vya juu ya Karatu, hakuna mtu aliyempa mhunzi mkono. Sijui imani hiyo ililetwa na Wamaasai waliokuwa wakishuka kutoka Ngorongoro kuja mnadani na mbuzi wao, au sisi Wairaqw tulikuwa nayo tangu zamani. Ninachokumbuka ni maneno ya Aama, bibi yangu mzaa baba. Alisema mkono wa mhunzi una damu ya kila kilichouawa kwa chuma chake, na ukiushika, damu hiyo inakufuata hadi nyumbani. Kwa sisi wanawake aliongeza jingine: mwanamke akisimama kwenye moto wa mhunzi, chuma kinapasuka.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Likizo moja alishuka hadi kwa wahunzi wa Kidatoga, upande wa ziwa Eyasi, akakaa nao siku kadhaa, akarudi ameupenda ufundi ule kama wengine wanavyopenda kufuga nyuki. Alishona mvukuto wa ngozi ya mbuzi, akatafuta kipande kizito cha chuma cha trekta kiwe fuawe, pa kugongea chuma, akajenga tanuru dogo nyuma ya zizi. Hakutaka kuwa fundi wa mtu. Alitaka tu kujitengenezea vifaa vyake, na miaka ile ya mwanzoni mwa themanini ungeweza kuzunguka maduka yote usipate jembe.

Mimi nilikuwa darasa la sita, na kukata majani ya ng'ombe ilikuwa kazi yangu. Mundu wetu ulikuwa umelika hadi kubaki kama ukucha. Jumamosi moja nikamwambia baba nataka kufua wangu mwenyewe.

Alinitazama, akacheka kidogo, akanipa nyundo.

Aama alitukuta chuma kikiwa chekundu. Kilikuwa kipande cha springi ya lori bovu. Nilikuwa nimekigonga asubuhi nzima, mabega yananiuma, na tayari kilikuwa kimepinda vizuri.

"Basilisa, toka hapo," alisema Aama. "Kitapasuka hicho."

"Mama, mwache amalize," baba alimjibu.

Nilikishika kwa koleo, nikakizamisha kwenye ndoo ya maji baridi. Kah! Nilipokitoa, kilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi mgongoni. Nilipokigusisha kwenye fuawe, kikaanguka vipande viwili.

Aama alivitazama pale chini. Aligeuka akaenda zake, na kuondoka kwake kuliniuma kuliko kama angenicheka. Lakini kilichoniumiza zaidi ni baba. Alikuwa ndiye anayetufundisha sayansi, ndiye aliyetuambia tusiogope bundi. Aliokota vile vipande, akavigeuzageuza, kisha akasema bila kuniangalia, "Kwa sasa ukae ndani na mama yako. Tutaona."

Nililia nyuma ya ghala. Halafu nikafunga vile vipande kwenye kitambaa, na siku ya mnada nikaenda navyo Karatu.

Wahunzi wa Kidatoga walikaa pembeni, mbali na wauza nguo, wamepanga mikuki na bangili zao chini. Niliyemkuta mbele hakuwa mzee niliyemtarajia. Alikuwa mama mmoja aliyevaa gauni la ngozi, na miguuni pake kulikuwa na mvukuto. Mumewe aligonga, yeye akavukuta moto. Nilisimama nikashangaa. Mwanamke, kwenye moto, na chuma hakipasuki.

"Shikamoo mama," nilisema, nikafungua kitambaa.

Alichukua kipande kimoja, akakitazama pale kilipovunjikia, akakisogeza kwenye jua.

"Nani amefua?"

"Mimi."

"Umekizamisha wapi?"

"Kwenye maji."

Alimwambia mumewe kitu kwa Kidatoga, wote wawili wakacheka, ila hawakunicheka vibaya. "Hiki ni cha gari," aliniambia. "Kigumu. Maji baridi yanakiua. Tia kwenye mafuta. Kikishapoa kisugue king'ae, halafu kipashe moto tena polepole, mpaka kiwe rangi ya asali. Basi. Usizidishe."

Nilimwomba arudie, akarudia. Kisha, sijui nilipata wapi moyo, nikamnyooshea mkono wa kumshukuru.

Aliutazama mkono wangu kabla ya kuupokea. Wake ulikuwa mgumu na wa moto, na aliushika wangu muda mrefu kuliko salamu ya kawaida. Mama mmoja wa kijijini kwetu alikuwa anatuona. Nilijua habari zitafika nyumbani kabla yangu.

Zilifika kweli. Baba alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Ulimpa mkono?"

"Ndiyo, baba. Na amesema tatizo lilikuwa maji."

Nilimweleza yote, mafuta na rangi ya asali. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nilikukosea, mwanangu. Niliogopa." Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo kwa mtoto.

Kesho yake, tukitoka kanisani, tuliwasha moto. Baba alivukuta, mimi nikagonga kipande kingine cha springi ile. Aama aliweka kigoda chake mbali, akatazama. Nilipozamisha mundu kwenye mafuta, moshi ulipanda, nikafumba macho nikisubiri mlio. Haukuja. Niliusugua kwa mchanga, nikaupasha tena, na ile rangi ikatambaa juu ya chuma taratibu kama alivyoniambia yule mama. Jioni ile nilikata majani mzigo mzima, na mundu ukaingia kama kwenye siagi.

Aama hakuugusa wiki nzima. Kisha jirani alipokuja kuazima mundu, nilimsikia akimwambia, "Huo mzuri ni wa Basilisa. Kaufua mwenyewe, mjukuu wangu."

Leo nina karakana yangu mjini, na vijana wanaochomelea mageti huniita fundi mkuu. Nimemfikiria Aama mara nyingi. Alichosema kilitokea mbele ya macho yangu, na sijawahi kumdharau kwa hilo; maisha yake yote alikuwa ameambiwa hivyo, na hakuna aliyewahi kumwonyesha mwanamke aliyekaa penye moto wa mhunzi. Mimi nilimwona. Nikiulizwa nani alinifundisha chuma, nasema baba, kwa sababu ni kweli, alinipa nyundo. Lakini kwanza namtaja yule mama wa mnadani, ambaye sikuwahi kumuuliza jina.