Bi Chekeche na Picha Iliyofutwa

Ofisini walimwita Bi Chekeche, wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Jina alipewa na bosi wake siku alipomkuta ameinamia kompyuta, pua karibu iguse kioo, anatoa faili moja moja kutoka kwenye kazi ambayo kila mtu alishasema imekwisha. Wenzake walicheka. Yeye alisema tu kwamba afadhali kuitwa chekeche kuliko kula unga na mende wake.

Ilikuwa ofisi ya vyumba viwili, inayotengeneza vijitabu vya watu wengine. Wakishamaliza kupanga kurasa na picha, Bi Chekeche huzikusanya, huzibana ziwe faili moja la zipu, ambalo yeye huliita kifurushi, kisha humpelekea mteja kwa mtandao. Kazi ya dakika tano, bosi alipenda kusema. Ya mtu mchafu, ndiyo, ni dakika tano.

Maana kompyuta zile kuukuu zilikuwa na tabia ya kuudhi. Kila folda ya picha uliyoifungua, ziliacha humo kinyesi chao: faili dogo lililofichwa, lisiloonekana kwa macho ya kawaida, lenye vijipicha vya kila picha iliyowahi kuwemo pamoja na jina lake. Picha ukiifuta, kijipicha chake hubaki. Na ukiibana folda nzima kivivu, uchafu ule nao hubanwa humo humo, ukasafiri hadi kwa watu. Bi Chekeche alipoligundua jambo hilo miaka mingi nyuma, alishikwa na kinyaa cha mtu aliyekuta unywele mdomoni, na hakikumtoka tena.

Basi akajiwekea utaratibu. Huiamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, akavifuta. Halafu haibani folda. Huchagua faili anazozitaka na kuzibana hizo tu. Mwisho hukifungua tena kifurushi alichokifunga mwenyewe, akasoma orodha yake kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari. Mumewe, fundi viatu asiyeishiwa mizaha, alimwambia kwamba angekuwa mkunga angemrudisha mtoto tumboni ili ahakikishe.

Mwaka ule walipewa kijitabu cha kutibu majeraha ya moto. Watu kumi na wawili walikubali kupigwa picha. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo mwenye kovu lililoshuka kutoka sikioni hadi shingoni, aliyepigwa picha akiwa amesimama kwenye mlango wa nyumba aliyohamia karibuni. Wiki moja kabla ya kazi kutoka, alifika ofisini akihema.

"Jamani, naomba picha yangu muitoe," alisema. "Aliyeniunguza ametoka jela. Ananitafuta, na hajui ninapokaa."

"Usijali, dada," bosi akamjibu. "Njoo uone kwa macho yako."

Akaifuta mbele yake, akamwaga na pipa la takataka la kompyuta. Yule mama alimshukuru mpaka ikawa aibu kumtazama.

Siku ya kupeleka kazi, Bi Chekeche alikuwa kwa daktari wa meno. Bosi hakuona haja ya kumngoja. Kuzipu tu, nani hajui? Akaibana folda nzima kwa mbonyezo mmoja, akakiweka kifurushi kwenye tovuti ya mteja, mahali ambapo yeyote mwenye simu angeweza kukipakua bure.

Bi Chekeche alirudi baada ya siku mbili, shavu limevimba. Hata mkoba hakuuweka chini. Alikifungua kifurushi na kuhesabu. Kijitabu kimoja na picha kumi na moja ni faili kumi na mbili. Mle zilikuwamo kumi na tatu.

Alilifungua lile la kumi na tatu kwa programu aliyoitunza kwa ajili ya uchafu huo. Vijipicha kumi na viwili vikajipanga. Cha mwisho kilikuwa kidogo kama stempu, lakini kovu lilionekana, na mlango ulionekana. Chini yake palikuwa na jina la faili kama mpiga picha alivyoliandika: jina kamili la yule mama, mtaa wake na namba ya nyumba. Bi Chekeche akakigeuza kioo cha kompyuta kielekee meza ya bosi.

"Bosi, njoo utazame ulichokitapika hadharani."

Bosi alikuja, akatazama, akaanza kufuta kioo cha simu yake kwa pindo la shati. "Ah, mama, hilo nani analijua? Nani atalifungua?"

"Mimi nimelifungua, tena nikiwa na jino pungufu. Kimepakuliwa mara ngapi?"

Akachungulia. "Thelathini na moja. Wengi watakuwa manesi."

"Wengi."

"Sikiliza, weka kingine kisafi, yaishe. Mteja asijue, na yule dada usimtie presha bure. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu huyu hapiti, bosi. Huyu anabisha hodi."

Bosi akacheka kidogo, kicheko cha kumbembeleza, na hapo ndipo karaha ilipomjaa Bi Chekeche kweli kweli. Miaka yote alikuwa akizichukia kompyuta bure. Kompyuta haikujua ilichokiacha. Huyu alikuwa anajua, na alikuwa anafuta simu. Alijichukia na yeye mwenyewe, kwa kucheka na mtu huyu kwenye chai miaka yote ile.

Alikiondoa kifurushi, akatengeneza kingine, akasoma orodha yake: faili kumi na mbili. Kisha akavuta simu ya mezani.

"Mama, ukimpigia huyo, usirudi hapa kesho," bosi alisema.

Alibonyeza namba. Yule mama aliitika kwa sauti ya mtu aliyekuwa akicheka na wenzake. Bi Chekeche alimweleza yote bila kupamba: picha imebaki, jina limo, mtaa umo, namba ya nyumba imo. Amekiondoa kifurushi asubuhi hii, lakini kilikaa wazi siku mbili.

Alijiandaa kutukanwa. Angeshukuru kutukanwa.

"Watu wangapi wamekichukua?" yule mama aliuliza.

"Thelathini na moja."

Halafu Bi Chekeche akamsikia akiweka simu juu ya kitu kigumu bila kuikata, akaenda mlangoni na kuita watoto waliokuwa wakicheza nje, kwa upole kabisa, kama mtu aliyekwisha kulifanya jambo hilo mara nyingi: "Njooni ndani, wanangu. Vaeni viatu."