Kuku Aliyepona Kabla Yangu

Juzi mwanangu alifungwa plasta mkononi, na harufu ile ya chokaa mbichi ikanirudisha Mjimwema, kwenye mpera nilikoanguka nikavunjika mguu nikiwa darasa la pili.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa fundi wa kuunga mifupa. Siku ile alipapasa muundi wangu, kisha akamwambia mama, "Huu umenizidi. Mpelekeni hospitali."

Lo! Nilipiga mayowe hadi majirani wakajaa uani. Sindano niliiogopa kuliko chui. "Nataka Bibi! Bibi anifunge!" Nikaing'ang'ania kanga yake mpaka ikachanika. Bibi akalegea.

Akanifunga vibanzi vya mianzi. Kisha, kama alivyofanya kwa kila mgonjwa, akavunja mguu wa tetea mmoja mwekundu, akamfunga vilevile. Kuku akitembea, mgonjwa naye atatembea. Tulilazwa pamoja jikoni, moshi ukitutoa machozi, na kusema kweli yule kuku alikuwa mgonjwa mwenye adabu kunishinda. Akapona, akawa anaparura migombani kwa raha zake. Mimi niliposimama, mguu ulikuwa umepinda.

Nilipopelekwa hospitali, daktari wa mifupa, kijana mwenye miwani, alisema itabidi anipasue, auvunje upya na kuweka chuma. Akauliza kwa hasira, "Nani kamharibu mtoto hivi?"

Mama akainama. Bibi, ambaye hata shikamoo hakuwa amepewa, akajibu, "Mimi."

Akafokewa mbele ya wodi nzima. Hakusema kwamba mwanzoni alikataa. Nami nilikuwa pale kitandani, mdomo umejaa biskuti alizoninunulia, nikifurahi moyoni kwamba sifokewi mimi. Naona haya hadi leo.

Mguu ulinyooka, likabaki kovu. Lakini Bibi hakuunga mfupa tena. Waliobisha hodi aliwaambia, "Nendeni hospitali," akarudi ndani. Vibanzi vyake alivichochea vyote motoni akisonga ugali. Nilidhani amezeeka tu.

Juzi mwanangu naye alilia, "Sitaki daktari! Mama, nifunge wewe!" Nikambana kwa nguvu mpaka plasta ikashika, akaninunia jioni nzima. Ndipo nikajua kilichomshinda Bibi siku ile kilikuwa kilio changu. Alikwenda nacho kaburini bila kukitaja kwa mtu, na mimi sikuwahi kumwambia, "Bibi, nisamehe."