Picha ya "Jirani" Ndani ya Bahasha Nyeusi

Kabatini mwangu, chini ya mablanketi, kuna bahasha nyeusi ambayo familia yangu inaamini niliichoma zamani. Sikuichoma. Nimeificha tangu 2007. Sasa daktari ameniambia kwa upole nipange mambo yangu, ndiyo maana nawaandikia ninyi msionijua. Mwenye ukurasa huu wa ushauri, jina langu libaki kwako. Nina miaka themanini na moja, nilifundisha kemia sekondari, na ninaishi Nakuru, mtaa wa Section 58. Mapafu yamechoka. Naandika mistari michache, napumzika, naendelea.

Baada ya kustaafu nilipenda kitu kimoja kupita kiasi: kukusanya picha za mjane mmoja Singasinga aliyeachiwa studio na marehemu mumewe. Nitamwita Mama Simran. Kamera za digitali zilipomnyang'anya wateja, alibaki na maboksi ya karatasi za picha na chupa za dawa, akaanza kuzitumia kwa njia yake. Alichora kwa sindano juu ya kioo kilichopakwa rangi nyeusi, akapitisha mwanga kwenye kioo hadi kwenye karatasi, kisha akaipaka karatasi dawa kwa brashi, hapa nyingi, pale kidogo, mpaka mchoro ukajitokeza wenyewe. Kila mchoro alitoa nakala tano tu, akazitia namba, akavunja kioo mbele yetu wanunuzi. Hakuna mbili zilizofanana kabisa, maana dawa haipokei amri. Sebule yangu ilijaa picha hizo, nami kama mwalimu wa kemia nilijiona mjuzi kuliko wenzangu wote.

Mwishoni mwa 2007 alitoa mchoro aliouita "Jirani". Huu hakuutia dawa ya mwisho, ile inayoikaza picha isiharibiwe na mwanga. Aliziosha nakala kwa maji tu, akazifunga ndani ya bahasha nyeusi. Ukiifungua mchana, alisema, utaiona kidogo, kisha itaanza kufifia na kuwa giza mbele ya macho yako.

"Kila mtu huniuliza picha zangu zitakaa miaka mingapi," alisema. "Hii itakaa kadiri mtakavyojizuia."

"Na nitajuaje kuna kitu ndani?" nikamuuliza.

"Ingia chumba cha giza, uione chini ya taa nyekundu. Hiyo taa haiharibu."

"Chini ya taa nyekundu nitaona kile unataka nione."

Alicheka. "Mwalimu, wewe unanunua ama unafanya upelelezi?"

Nilinunua, lakini amani ikanitoka. Nilikuwa naipima bahasha kwa mkono, naitikisa, nainusa. Kwa nini aiache dawa moja? Imemwishia? Na mbona hataki kusema ni jirani gani aliyemchora? Siku zile za uchaguzi, neno jirani lenyewe lilikuwa limeanza kututia wasiwasi. Watu walisalimiana huku wakichunguzana.

Kisha tukakutana wanunuzi wote kwenye hoteli ya chai, wenzangu wamebeba bahasha zao. Mmoja wetu, mkulima wa ngano kutoka Mau Narok, mtu wa sauti kubwa, alinigeukia.

"Mwalimu, hata viazi mtu hupasua kimoja aone ndani kabla ya kubeba gunia. Sisi tumebebeshwa bahasha tukasema asante! Wewe ndiye wa kemia. Yako umeifungua?"

Wote wakanitazama.

"Nimeifungua," nikasema. "Haina kitu."

Mkulima aliirusha yake kwenye moto wa jiko la chai bila hata kuipasua. Wengine wakafuata. Mama Simran aliposikia, alikuja hadi langoni kwangu. "Lete yako, Mwalimu. Tuiangalie pamoja." Nikamwambia nimeichoma. Akageuka, akaenda zake. Haukupita muda mrefu vurugu za baada ya uchaguzi zikafika Nakuru, akafunga studio, akahamia kwa ndugu zake mbali. Nikasikia hakuchora tena.

Mwezi uliopita alirudi mjini, akaja kuniona kitandani. Mke wangu akatuletea chai.

"Sikuja kugombana, Mwalimu, sisi wote ni wazee sasa," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Hiyo picha niliiona kwa macho yangu nikiiweka kwa bahasha. Nimefikiria miaka hii yote, labda sikuiosha vizuri, dawa ikaendelea kuila huko ndani. Ndiyo maana niliacha hii kazi. Ulipofungua, karatasi ilikuwa nyeusi ama nyeupe?"

"Nyeupe," nikasema haraka.

"Nyeupe," akarudia. Akamaliza chai yake taratibu. "Basi nisamehe. Nilikuuzia karatasi tupu. Jumapili nitakuja tena."

Alipotoka ndipo nilipoligundua kosa langu. Karatasi isiyooshwa vizuri huingia giza. Picha iliyokwisha kutokea haiwezi kugeuka nyeupe yenyewe ndani ya bahasha. Mwanafunzi wangu yeyote angelijua hilo, sembuse yeye aliyeshika dawa hizo maisha yake yote. Je, aliniomba msamaha kwa moyo mweupe, au alinitegea swali nami nikaingia mzima mzima? Mke wangu naye ameniuliza, "Mbona alikuwa anakutazama hivyo?" Nimesema ni macho ya uzeeni.

Jumapili inakaribia. Nikimpa bahasha, aifungue chini ya taa nyekundu, na picha iwepo, atajua ni nani aliyemnyang'anya kazi yake. Kuna saa naomba, Mungu anirehemu, iwe tupu kweli. Nikikaa kimya, atakufa akidhani mikono yake ndiyo ilikosea. Nishaurini, ndugu zangu. Nimkabidhi mkononi mwake, au niiache wanangu waikute nikiwa sipo?

Ila msinishauri mkidhani niliona karatasi nyeupe, au nyeusi, au ya namna yoyote. Bahasha ile imefungwa vilevile alivyoifunga yeye. Sijawahi kuifungua.